Namna ya Kukaa Unguja Bila ya Kuijua Kesho

Ukenda kwenye usaili wa hoteli ya pwani ya mashariki, meneja anayetaka kukupa mkataba wa miezi mitatu atakuuliza unajiona wapi baada ya miaka mitano. Mjibu kwa upole. Mwambie unajiona una afya, una ujuzi zaidi ya ulionao leo, na unalipwa kwa wakati. Yote matatu ni kweli, na hakuna hata moja linalohitaji mnajimu. Kisha nawe muulize, kwa upole huo huo, hoteli yenyewe inajiona wapi mwezi wa Aprili masika yakikolea. Swali lako ni zito kuliko lake, na jibu lake ni haki yako kabla hujatia saini.

Mwongozo huu ni wako wewe kijana mwenye miaka ishirini na kitu, uliyemaliza skuli au chuo, ambaye kila unapopita unaulizwa maisha yatakuwaje na huna la kusema. Nataka ujue kwanza kwamba kutojua si ugonjwa, na kwamba wanaokuuliza hawajui pia. Kisha nataka ujifunze kukaa na hali hiyo kwa ufundi, kama watu wa kisiwa hiki walivyokaa nayo miaka mingi kabla yako.

Anza na swali la jamaa, kwa sababu ndilo linalokuja kwanza na ndilo litakalokuja mwisho. Lina nguo nyingi. Harusini shangazi atakuuliza, "Umeshapata?" bila ya kutaja nini. Ukisema umepata, atauliza mchumba. Ukiwa na mchumba, atauliza kiwanja. Barazani ami atataka kusikia mipango. Kwenye daladala ya 505, mtu uliyesoma naye darasa la saba atakuuliza uko wapi siku hizi, na wakati huo mmebanana goti kwa goti.

Usijibu kwamba "uko kwenye michakato." Michakato ni neno la watu wa semina, na shangazi hakuja harusini kwa semina. Mwambie ulichokifanya wiki hii. "Shikamoo shangazi. Wiki hii nimemaliza kanzu mbili za watu, na nimepeleka barua Tume ya Utumishi. Goti lako linaendeleaje?" Jibu la namna hii lina faida tatu. Ni kweli, ni fupi, na linamfikisha shangazi kwenye goti, ambalo ndilo alilotaka kulizungumza tangu mwanzo. Ikiwa wiki hii hukufanya chochote, basi umepata habari muhimu kuhusu wiki ijayo.

Lakini usimchukie anayeuliza. Shangazi yako ameuona wakati wa foleni za mchele. Ameona miaka ya themanini bei ya karafuu ikiporomoka, baada ya Indonesia, mnunuzi wetu mkubwa, kupanda za kwake za kumtosha. Katika miaka hiyo mtu aliyekuwa na kazi ya serikali, hata ya mshahara mdogo, alikuwa na kitu ambacho jirani hakuwa nacho: mwisho wa mwezi. Ndiyo maana akisema "tafuta serikalini," anasema kwa mapenzi na kwa kumbukumbu ya njaa. Asichokiona ni hesabu. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 1,303,569 Zanzibar yote. Ya mwaka 2022 ikahesabu 1,889,773. Hakuna serikali inayoweza kufungua ofisi kwa mwendo huo. Wapo vijana wanaoingia JKU, Jeshi la Kujenga Uchumi, kwa matumaini ya kuchukuliwa baadaye na vikosi, na baadhi yao huchukuliwa. Nenda ukitaka, ujifunze nidhamu na kazi. Ila usiiweke roho yako yote kwenye orodha ya majina ambayo hujui itabandikwa lini.

Ukishamaliza na jamaa, tembea mjini ukawatazame waliokuwa na hakika. Mji Mkongwe umejaa makumbusho yao. Sayyid Khalid bin Barghash aliingia kasri tarehe 25 Agosti 1896, saa chache baada ya kufa Sultani Hamad bin Thuwaini, akajitangaza mtawala. Mpango ulikuwa kamili: kasri, walinzi, mizinga, mpaka meli. Asubuhi ya tarehe 27 manowari za Kiingereza zilipiga mizinga kwa muda usiofika saa moja, na Khalid akakimbilia kwenye ubalozi wa Wajerumani. Utawala wake wote ulikuwa wa siku mbili. Mkataba wako wa miezi mitatu unampita mbali.

Au wachukue wenye mashamba ya mikarafuu wa Unguja. Mwanzoni mwa mwaka 1872 hakuna aliyekuwa na haja ya kuwauliza kuhusu miaka mitano ijayo. Mkarafuu huchukua miaka kadhaa mpaka uzae, na yao ilikuwa inazaa. Mwezi wa Aprili mwaka huo kimbunga kikapita juu ya kisiwa, kikaing'oa sehemu kubwa ya mikarafuu na minazi na kuvunja vyombo bandarini. Pemba ilisalimika. Tangu hapo ikawa ndiyo nchi ya karafuu, hadi leo. Watu wa Unguja hawakukihama kisiwa; walianza upya.

Sasa mtazame asiyekuwa na hakika ya chochote. Siti binti Saad alizaliwa Fumba kiasi cha mwaka 1880, wazazi wake wakiwa watu wenye asili ya bara. Hakukaa darasani. Kazi yake ilikuwa kutembeza vyungu vijijini, na sauti aliyokuwa akitangazia vyungu ndiyo mali aliyokuwa nayo. Mwaka 1911 akaingia mjini. Mwulize, siku anashuka mjini na vitu vyake, anajiona wapi baada ya miaka mitano. Angekujibu nini? Taarabu ya mjini ilikuwa ya wanaume, inaimbwa kwa Kiarabu, na mwanamke wa shamba muuza vyungu hakuwa na mlango humo. Alichofanya ni kujifunza. Alifundishwa na Ali Muhsin, mpigaji wa kikundi cha Ikhwani Safaa kilichoanzishwa mwaka 1905, akajifunza ala, kuimba na matamshi ya Kiarabu, kisha akaimba kwa Kiswahili. Mwaka 1928 akapanda meli kwenda Bombay kurekodi sahani za santuri za His Master's Voice. Alikuwa na umri wa kama miaka arobaini na nane. Shaaban Robert ameandika wasifu wake, na hadi leo mwanamke yeyote anayeimba taarabu kwenye pwani hii anapita njia aliyoifungua yeye.

Nakuomba uisome habari hiyo polepole, kwa sababu watu huisimulia vibaya. Husema "alikuwa na ndoto." Tunachokijua ni kwamba alikuwa na vyungu, sauti, na mwalimu. Bombay haikuwa kwenye mpango wake wa mwaka 1911, kwa sababu isingeweza kuwemo. Mambo makubwa ya maisha yake yalitoka mahali ambapo yeye hakupaona, na yalipomfikia yalikuta mkono wake umeshazoea kazi. Hiyo Fumba yake leo wanauza nyumba za ghorofa za kisasa kwa watu wa mataifa ya mbali. Nani pale, kati ya wafinyanzi, angeitabiri?

Kama unaona Siti ni mkubwa mno wa kujipimia, yupo Muhammed Said Abdulla, mtu wa Makunduchi aliyezaliwa 1918. Alianza kazi idara ya afya, mkaguzi. Miaka kumi akakagua. Kisha mwaka 1948 akawa mhariri wa gazeti la Zanzibari, na miaka kumi baadaye hadithi yake ya Mzimu wa Watu wa Kale ikashinda mashindano ya uandishi ya Afrika Mashariki, akatupa Bwana Msa, mpelelezi wetu wa kwanza mwenye kiko. Kazi yake ya kwanza haikuwa kosa. Mtu anayezunguka miaka kumi katika nyumba za watu akitazama kisichotazamwa anajifunza upelelezi bila ya kujua. Basi ukiwa leo uko mapokezi, au unapanga maboksi duka la jumla Darajani, fanya kazi hiyo vizuri na uitazame kwa macho.

Hapa tunafika kwenye kifaa chenyewe cha kupangia maisha, na nakushauri uazime cha wakulima wa mwani. Mwani wa biashara ulianza kulimwa Paje na Jambiani mwaka 1989, na wanawake ndio walioushika. Hawapangi kwa miaka mitano. Wanapanga kwa bamvu. Bamvu huja mara mbili kwa mwezi, mwezi mchanga na mwezi mpevu, maji yanapwa mbali na shamba linafikika. Hapo wanafunga mbegu kwenye kamba, wanakaza vigingi, wanavuna kilichokomaa baada ya wiki sita hivi. Maji mafu yakija hawaingii. Wanaanika, wanauza, wanasuka ukili, wanapumzika mgongo. Na bahari iliposhika joto, ile aina ya mwani yenye bei nzuri, wanayoiita kotonii, ikaanza kuoza kwenye kamba. Wapo walioacha. Wapo waliosogea kwenye maji ya kina. Na wapo, Kidoti na Paje, waliojifunza kuusaga mwani na kutengeneza sabuni, kitu ambacho kilo moja yake inauzwa mara nyingi zaidi ya mwani mkavu.

Fanya hivyo. Pata daftari, na badala ya kuandika "malengo ya 2030," andika bamvu hili na bamvu lijalo. Ndani ya wiki mbili utaomba kazi ngapi, utajifunza nini kwa nani, deni gani utalipunguza. Wiki za maji mafu nazo ziandike, zile ambazo hakuna usaili wala simu. Kwenye wiki hizo mtu asiyekuwa na mpango hulala mpaka adhuhuri na kuamka na hasira. Tengeneza, fua, soma, tembelea mgonjwa. Baada ya miezi sita utakuwa na kurasa kumi na mbili au kumi na tatu za mambo uliyoyafanya kweli, na hizo zitakupa mwelekeo kuliko ndoto uliyoiandika usiku mmoja wa Januari.

Usijifunze kitu kimoja tu, na usiapie lugha moja. Vijana wa Kiwengwa walikuwa hodari wa Kitaliano, kwa sababu hoteli zao zilijaa Wataliano, na kwa miaka mingi Kitaliano kilikuwa ugali. Machi 2020 ndege zikasimama. Hoteli zikafunga, watembezaji wa wageni wakarudi kuvua na kubeba mchanga, na watu waliokopa kununua gari za kubebea watalii wakabaki na gari na deni. Mwaka uliofuata wageni wakajaa tena, lakini wengi walikuwa Warusi, Waukraine na Wapoland. Kijana aliyejua Kitaliano akaanza upya: habari za asubuhi kwa Kirusi, bei kwa Kipoland. Walioweza haraka ni wale waliowahi kujifunza kujifunza. Kisha Februari 2022 vita vikazuka, na mamia ya watalii wa Ukraine wakakwama hapa hapa, wamevaa nguo za ufukweni, hawajui kwao kumebaki nini. Watu wa hoteli waliwatafutia pa kulala na chakula. Nakukumbusha hili kwa sababu ni rahisi ukiwa Nungwi kudhani mgeni anayeshuka kwenye teksi ameshamaliza kupanga maisha yake. Mwezi ule wenye pasipoti nzuri ndio walioomba msaada kwa wenye mikataba ya msimu.

Simu nayo ina kanuni yake. Nimeiazima Makunduchi. Huko, siku ya Mwaka Kogwa, sherehe ya mwaka mpya, watu hupigana kwa magogo ya migomba mpaka kinyongo kiishe, kisha kibanda cha makuti hutiwa moto na wazee wakatazama moshi unaelekea wapi, wajue mwaka utakuwaje. Utabiri wa mji mzima humalizwa kwa mchana mmoja, halafu watu wanakwenda kula. Wewe unatabiriwa kila usiku kitandani: huyu anakwambia ukifika miaka ishirini na tano bila ya nyumba umechelewa, yule anakuuzia kozi ya kuwa tajiri, mwenzako wa skuli ametuma picha kutoka Maskati amesimama kando ya gari. Picha haioneshi gari ni ya nani wala zamu yake inaanza saa ngapi. Mpe mtabiri siku moja kwa mwaka, kama wanavyofanya Makunduchi. Zilizobaki zima simu saa nne usiku.

Na tafadhali litumie neno Inshaallah kwa heshima yake. Tumelifanya pazia: fundi asiyekusudia kuja husema Inshaallah, na ofisi isiyokusudia kupiga simu husema Inshaallah. Neno hilo ni la mtu aliyekwisha kufanya sehemu yake. Peleka barua, hakikisha imepokelewa, chukua jina la aliyeipokea, kisha sema. Tawakali ina nafasi kubwa katika mwongozo huu, lakini inakuja baada ya kazi.

Sasa lipo jambo ambalo sitaki ulikumbatie hata kidogo. Kutojua kuko kwa aina mbili. Kuna kule kwa kusi na kaskazi, mvua, maradhi, bei za dunia; huko ni kwa Mungu na sote tumo. Na kuna kule kunakotengenezwa na watu kwa kalamu. Mkataba wa miezi mitatu unaofanywa upya mara nane kwa mtu yule yule anayefanya kazi ile ile haukuletwa na kaskazi. Kijana anayejitolea ofisini miezi mitatu anajifunza. Anayejitolea miaka miwili, akifungua ofisi na kuifunga, anafanya kazi bila ya mshahara, na anayemwambia "vumilia, nafasi zitatoka" huku mwenyewe analipwa anamdhulumu. Ukipewa nafasi ya kujitolea, uliza mambo manne na uombe yaandikwe: nani atanifundisha, nitajifunza nini, mwisho wake tarehe gani, na nauli ya nani. Ukipewa ajira, uliza kama utaandikishwa ZSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, kisha baada ya miezi miwili nenda mwenyewe ukathibitishe kwamba michango imeingia. Zanzibar ina Sheria ya Ajira, Namba 11 ya mwaka 2005, na ina Kamisheni ya Kazi ambayo milango yake iko wazi kwa mfanyakazi. Kumwambia kijana "ukubali mashaka ya maisha" na kunyamaza kuhusu haya ni kumsaidia mwajiri mbaya.

Mabinti wana lao zaidi. Kijana wa kiume akikosa kazi huambiwa asubiri; binti akikosa huambiwa aolewe, na akipata ya hoteli huambiwa aiache. Mzazi, ukiwa na wasiwasi na kazi ya hoteli, mfuate mwanao mpaka kazini, muone msimamizi, uliza usafiri wa usiku ukoje. Wasiwasi wako una haki. Lakini kumfungia ndani ukamngojea mume hakumpi hakika yoyote. Talaka kisiwani petu si habari ngeni, na mwanamke aliyeachwa akiwa na cherehani, au na shamba la mwani, yuko mahali tofauti kabisa na aliyeachwa akiwa mikono mitupu.

Mwisho ni watu. Usikae peke yako na mawazo. Ukikosa pesa ya kwenda popote, ya kahawa kwenye baraza ya Jaws Corner, Mji Mkongwe, huwa haikosekani, na pale utakuta wanaume wa kila umri wanabishana mpira na siasa kwa hakika ambayo haimdhuru mtu. Sikiliza nani ametaja fundi anayetafuta msaidizi. Kazi nyingi za mji huu hazijawahi kutangazwa gazetini, zimepita barazani na jikoni. Ingia kwenye mchezo wa pesa, yaani upatu, hata wa shilingi elfu moja kwa siku, na watu unaowajua kwa majina ya baba zao. Zamu yako itakapofika utakuwa na fedha ya kununulia kifaa: mashine, nyavu, kamera, seti ya visu vya jikoni. Na umwambie mtu mmoja mkubwa unayemwamini ukweli wote, pamoja na hofu. Utashangaa yeye alikuwa wapi alipokuwa na umri wako.

Basi kabla ya Ijumaa hii tafuta daftari, tafuta wenzako wa mchezo, na tafuta fundi mmoja mwenye ujuzi unaoutaka, umwombe ukae naye. Barua ya maombi ipeleke pia. Ila anza na fundi: ofisi za serikali zinafunga saa tisa na nusu, na yeye yuko kibandani kwake mpaka magharibi.